Niliondoka kwenye foleni ya kujiandikisha kupiga kura. Nani ana hoja ya kunirudisha?

Mjukuu wa Dandora

Habari za jioni wana jamvi. Naomba tusikilizane bila matusi, maana najua uzi wa siasa huanza kwa salamu ukaishia kwa kabila.

Jumamosi nilitoka nyumbani saa tatu kwenda kujiandikisha kuwa mpiga kura. Nina miaka 24. Mwaka 2022 ningeweza kujiandikisha na sikujisumbua; siasa niliziona kama matangazo ya vifo redioni, unayasikia kwa sababu hujawahi kubadilisha stesheni. Safari hii nilijituma mwenyewe. Nikakuta foleni ya watu kama kumi na wawili, nikasimama. Walipobaki wanne nifike mbele nikajiuliza nafanya nini pale, nikatoka. Nikanunua smoki mbili na kachumbari, nikarudi kwa miguu.

Juni 2024 nilikuwa barabarani hapa Nairobi, kwenye maandamano. Tulisoma ule Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi kifungu kwa kifungu, watu wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukawapigia wabunge mpaka wakazima simu. Tarehe 25 wakaupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, sisi tukiwa nje. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, tukadhani tumeshinda. Kufikia Julai mosi Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Na Julai hiyo haijaisha, vigogo wa upinzani walikuwa wameteuliwa mawaziri katika serikali ileile tuliyokuwa tukiipigia kelele. Serikali jumuishi, wakaiita.

Kwa hivyo sina wasiwasi sana kwamba kura yangu haitahesabiwa. Wasiwasi wangu ni kwamba itahesabiwa vizuri, kisha aliyeipokea aende akaiuze. Na msiniambie nitazame wenzetu. Wenzetu gani? Marekani, waliokuwa wakituma waangalizi hapa kutufundisha kukubali matokeo, tarehe 6 Januari 2021 waliwaona watu wao wakivunja madirisha ya bunge ili matokeo yasiidhinishwe.

Nataka hoja. "Kura yako ni sauti yako" nishaisoma kwenye fulana.

Abiria wa Nyuma

Watu wanne tu mbele yako ukakimbia? Na foleni ya matatu pale Kencom saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, hiyo unaivumilia.

Mjukuu wa Dandora

Ile najua inaenda wapi.

Abiria wa Nyuma

Haya, hapo umenifunga mdomo.

Karani wa Kituo

Mjukuu, mimi nilikuwa karani wa uchaguzi Agosti 2022, shule moja ya msingi upande wa mashariki mwa jiji. Acha nikueleze usiku ule, kisha utaamua kama ni hoja au ni hadithi.

Tulifunga mlango saa kumi na moja jioni, waliokuwa tayari kwenye foleni wakamalizia. Tulikuwa na masanduku sita, rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, na tangu alfajiri sikuwa nimekula ila chai na mkate wa wakala mmoja ambaye mgombea wake alikuwa amemsahau kabisa. Sanduku la rais ndilo hufunguliwa kwanza. Msimamizi wa kituo anachukua karatasi moja, anaifungua, anaiinua juu ili mawakala wote waione, anasoma jina, anaiweka kwenye rundo lake. Kisha nyingine. Mamia ya karatasi, moja moja, chini ya balbu inayopepesa. Kuna karatasi moja mtu alikuwa ameandika "Yesu ndiye jibu", nayo ilizua ubishi wa dakika kumi. Ikawekwa kwa zilizoharibika.

Tulipomaliza tukajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, mawakala wakatia sahihi, kila mmoja akapiga picha kwa simu yake na kuchukua nakala. Nyingine ikabandikwa mlangoni. Picha ya fomu ikatumwa kwa kile kifaa cha kutambua alama za vidole, na kabla sijafika nyumbani ilikuwa kwenye tovuti ya tume, mtu yeyote anaifungua. Nchi nzima ilikuwa na vituo zaidi ya 46,000. Siku zile mlikuwa mnaona vijana wamekaa na kalikuleta wakijumlisha wenyewe, na ofisi za magazeti zikijumlisha, na redio zikijumlisha. Pale Bomas, kwenye ukumbi wa kujumlishia kura za nchi nzima, makamishna wanne kati ya saba wa tume walipojitenga na matokeo, na viti vikaanza kurushwa, karatasi zilikuwa bado ziko milangoni mwa madarasa. Mahakama ya Juu ilipokaa, ilikuwa na kitu cha kutazama.

Haikuwa hivyo daima. 2017 mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Moja ya sababu kubwa ilikuwa jinsi matokeo yalivyosafirishwa, na tume haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Siku chache kabla ya kura ile, meneja wa teknolojia wa tume, Chris Msando, alikuwa ameuawa. Kwa hiyo mlango wa darasa ukiwa na karatasi usiuone kitu kidogo.

Baridi Kali

Karani amenikumbusha jambo. Niko Köln mwaka wa tisa huu. Wajerumani waliwahi kutumia mashine za kupigia kura, na Machi 2009 Mahakama yao ya Katiba ikaamua kwamba jinsi zilivyotumika ni kinyume cha katiba. Haikusema kura ziliibwa. Ilisema mwananchi wa kawaida lazima aweze kuhakikisha hatua muhimu za uchaguzi bila kuwa na utaalamu wa pekee. Wakarudi kwenye karatasi na kalamu, hao wanaotuuzia magari yanayojiegesha yenyewe.

Fomu 34A ndiyo hiyo, kwa lugha ya Kayole. Mama mboga anaweza kuisoma mlangoni akiwa na mtoto mgongoni.

Kwa habari yenu, 2022 sisi wa nje tulipiga kura katika nchi 12, na waliojiandikisha hatukuzidi sana elfu kumi. Halafu mitandaoni ndio sisi tunaopiga kelele zaidi.

Mjukuu wa Dandora

Karani, nashukuru, na "Yesu ndiye jibu" imenichekesha. Lakini rudi usome nilichoandika. Nimesema sishuku kuhesabu! Mnanijibu swali ambalo sikuuliza. Ni kama nimelalamika chakula kina chumvi nyingi, nanyi mnanisifia sahani.

Bibi Mauzo

Mwanangu ametaja sahani vizuri. Mimi nauza Gikomba, leso na fulana. Kila baada ya miaka mitano, kuanzia Julai, wateja wa mikoani hawaji kuchukua mzigo. Wanangoja. Sisi sote tunangoja, nchi nzima imekaa kama mgonjwa anayesubiri matokeo ya damu. Disemba 2007 nilikuwa nimejaza mali ya mkopo. Nisiseme yaliyofuata, mnayajua. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na laki kadhaa wakahama makwao. Mimi nilipoteza mali tu, na bado Januari ikifika huwa sipati usingizi vizuri.

Kwa hivyo nauliza bila haya. Hii demokrasia inauza nini? Wachina hawapigi kura kama sisi na barabara tunayopitia juu pale Mombasa Road wameijenga wao. Wagombea nawajua vizuri kuliko ninyi, ndio wateja wangu. Analipa nusu ya oda ya leso, nusu nyingine inatoweka pamoja na matokeo. 2022 nilishona rangi tatu tofauti kwa watu watatu tofauti, kiti kimoja, wote wakashindwa. Fulana zao sasa ni matambara ya kufutia magari.

Mwalimu wa Zamu

Mama, ile barabara ya juu tunailipia kila tunapopita, na mkataba wake ulitiwa sahihi na watu tuliowachagua. Lakini swali lako si la kupuuza, watu wengi duniani wanaliuliza siku hizi. Taasisi ya V-Dem ya Sweden, inayofuatilia tawala za nchi zote, iliandika 2025 kwamba kwa mara ya kwanza kwa zaidi ya miaka 20 tawala za kiimla ni nyingi kuliko demokrasia, 91 kwa 88.

Ninachotaka mtazame ni namna zinavyoanguka. Sisi tuliozaliwa miaka ya sabini tunadhani ni wanajeshi kuteka redio asubuhi na kupiga muziki wa bendi, kama Agosti mosi 1982. Siku hizi mara nyingi anayebomoa ni aliyeshinda kihalali. Hungary, 2010: chama cha Viktor Orbán kilipata asilimia 53 hivi ya kura na kikapewa theluthi mbili ya viti. Kwa theluthi mbili hiyo kikaandika katiba mpya peke yake, kikapunguza bunge kutoka viti 386 hadi 199 na kuchora upya mipaka ya majimbo. Uchaguzi uliofuata, 2014, kura zilishuka hadi asilimia 45, na bado theluthi mbili ikabaki. Hakuna sanduku lililoibwa. Mnaona? Kila hatua ilikuwa na muhuri.

Sasa linganisha na Korea Kusini. Usiku wa tarehe 3 Disemba 2024 rais wao, Yoon Suk Yeol, alitangaza utawala wa kijeshi kwenye televisheni. Wananchi wakamiminika bungeni, wanajeshi wakaja, na wabunge, wengine wazee, wakaruka ua ili waingie ndani wapige kura. Walifika 190 kati ya 300 na wote 190 wakapiga kura ya kuifuta amri ile. Aprili 2025 mahakama ikamwondoa rais.

Kule wabunge waliruka ua kuingia bungeni. Wetu, tarehe 25 Juni, walipomaliza kupiga kura walikuwa wakitafuta njia ya kutoka. Mjukuu, hasira yako naielewa. Lakini tofauti ya bunge lile na hili ni watu waliomo ndani, na waliingizwa na mtu.

Mjukuu wa Dandora

Waliingizwa na waliokuwa kwenye foleni, mwalimu. Si mimi.

Mwalimu wa Zamu

Ndiyo maana nasema.

Abiria wa Nyuma

Hiyo ilikuwa pasi ndani ya boksi.

Msimamizi wa Jamvi

Nimefuta jumbe mbili zilizotaja kabila la mama wa Gikomba, ambalo hata halijulikani. Nikifuta ya tatu nafunga uzi.

Mbongo wa South B

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Nairobi mwaka wa nne. Huwa nasoma tu humu, leo imenibidi niandike.

Mnavyobishana ninyi ni raha kuwasikiliza. Kwetu tulipofanya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025, kinara wa upinzani Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, chama chake kimezuiwa kushiriki, na mgombea wa chama kingine, ACT, naye jina limeondolewa. Siku ya kura vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa kafyu. Mimi nilikuwa hapa South B napiga simu kwa mama yangu Temeke, haiingii. Siku ile, siku ya pili, siku ya tatu. Tume ikatangaza asilimia 97.66 kwa Rais Samia. Watu waliuawa, na siku zile hatukujua hata tumuulize nani ni wangapi.

Ninachosema ni kwamba huyu karani anayebandika karatasi mlangoni mnamzoea kama mnavyozoea umeme. Sisi tunajua giza lake. Dada au kaka wa Dandora, sikulaumu kwa kuondoka kwenye foleni. Ila mimi foleni yangu ilikuwa na picha moja mwisho wake.

Mjukuu wa Dandora

Pole sana ndugu. Mama alipatikana?

Mbongo wa South B

Alipatikana, mzima. Alinigombeza kwa nini nampigia usiku.

Mzee Kifimbo

Huyu kijana wa Tanzania amesema foleni yenye picha mwisho wake. Nilikuwa nimekaa kimya, lakini hapo ameniamsha.

Mjukuu, umri wako wazazi wako wenyewe pengine walikuwa watoto 1988. Ngoja nikupeleke. Chama ni kimoja, KANU. Februari ile ulifanyika mchujo wa wagombea wa chama, na kupiga kura kwenyewe kulikuwa kusimama. Mgombea anaweka picha yake mbele, au anasimama wakala wake akiishika kifuani, nanyi mnajipanga nyuma. Tuliuita mlolongo. Bosi wako anakuona. Mwenye nyumba anakuona. Chifu anakuona, na kesho una shida naye ya barua. Anayepata zaidi ya asilimia sabini kwenye mlolongo anahesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna kura ya siri tena.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na viatu vipya, nakumbuka, kwa sababu vilinichuna. Mstari wetu ulipinda kwenye kona ya uwanja, ukazunguka choo cha shule, ukarudi. Ule mwingine ungeweza kuuhesabu kwa macho umekaa chini. Akapita mhesabu na fimbo. Jioni kikatangazwa kilichotangazwa: mstari mfupi umekuwa mrefu. Tukatazamana. Tulikuwa bado tumesimama pale pale, mstari haujavunjika! Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Basi labda sisi ni wafupi." Tukacheka, kisha tukaenda nyumbani, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kupeleka popote. Ushahidi wetu ulikuwa miguu yetu, na miguu ikitawanyika ushahidi umekwisha.

Ndiyo sababu Karani anapozungumza juu ya ile fomu mlangoni mimi huwa nataka kumnunulia chai. Watu walipigwa marungu Kamukunji Saba Saba ya 1990, wakidai vyama vingi, kabla ya karatasi ile kuwepo.

Lakini Karani naye nimkosoe kidogo. Unatazama mlango wa darasa tu, mwanangu. 1988 wizi ulifanyika kwenye mchujo. Na mchujo ndio sehemu ambayo hatujaitengeneza hadi leo. Kura ya Agosti ina fomu, ina mawakala, ina mahakama ya siku 14. Mchujo wa vyama una nini? Mtu anapewa tiketi ya moja kwa moja hotelini usiku, asubuhi mnaambiwa mwaniaji wenu ni fulani. Katika wadi nyingi za Nairobi, chama kinachopendwa kikishampa mtu tiketi, Agosti ni sherehe ya kumtawaza. Huyu Mjukuu analia kwamba anachaguliwa mtu anayekwenda kuuza kura yake. Aliyemchagua ni nani? Si foleni yako, ni ile hoteli.

Mjukuu wa Dandora

Babu, hicho ndicho nilichokuwa natafuta namna ya kukisema. Basi mlolongo haujaisha, zimebadilishwa tu picha. Kwa nini nisimame?

Karani wa Kituo

Mzee Kifimbo, chai naipokea, na kosa nalikubali.

Mjukuu, hapo kwenye "kwa nini nisimame" kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na mimi mwenyewe nilijifunza tukiwa mafunzoni. Daftari la wapiga kura si la kupigia kura tu. Kifungu cha 99 cha Katiba: anayetaka kuwania ubunge lazima awe amejiandikisha kuwa mpiga kura. Cha 193 kinasema hivyo kwa mwakilishi wadi. Sasa soma mbele kidogo. Mtu anaweza kuwania bila chama chochote, bila hoteli yoyote, akiungwa mkono na wapiga kura 1,000 waliojiandikisha katika eneo bunge, au 500 katika wadi. Mia tano! Nyinyi mliojaza Kenyatta Avenue mlitoka mitaa gani? Dandora peke yake haina vijana 500?

Wako, nadhani. Lakini wengi wao hawamo daftarini, kwa hivyo sahihi zao hazihesabiki. Vivyo hivyo mkitaka kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi, Kifungu cha 257: sahihi milioni moja za wapiga kura waliojiandikisha. Mitandaoni mnapata milioni kabla ya chakula cha mchana, ila tume ikizikagua inatafuta majina kwenye daftari.

Mjukuu, ulipoacha ile foleni, kura ya Agosti 2027 ilikuwa sehemu moja tu ya ulichokiacha.

Mwalimu wa Zamu

Na niongeze Misri kabla hajajibu. Januari 2011 vijana walijaza Uwanja wa Tahrir na Mubarak akaondoka kwa siku 18. Juni 2012, kwenye duru ya mwisho ya urais, karatasi ilikuwa na majina mawili: Mohamed Morsi wa Undugu wa Kiislamu, waliojipanga kwa miongo mingi, na Ahmed Shafik, waziri mkuu wa mwisho wa Mubarak mwenyewe. Waliolala uwanjani hawakuwa na mtu kwenye karatasi. Mwaka mmoja baadaye jeshi likachukua.

Senegal walifanya tofauti. Februari 2024 rais wao wa wakati ule, Macky Sall, alijaribu kuusogeza uchaguzi hadi Disemba, Baraza la Katiba likamkatalia. Vijana walikuwa barabarani, ndiyo, lakini walikuwa pia na chama na mgombea, na mgombea mkuu Ousmane Sonko alipozuiwa walikuwa na wa pili. Bassirou Diomaye Faye alitoka gerezani siku kumi hivi kabla ya kura ya Machi 24 na kushinda duru ya kwanza kwa asilimia 54.

Bibi Mauzo

Nani alimshonea fulana huyo, siku kumi tu?

Abiria wa Nyuma

Mama, wewe ni taifa.

Baridi Kali

Kuhusu kukaa nyumbani, hesabu ya haraka. 2022 daftari lilikuwa na majina 22,120,458. Waliopiga kura ni kama milioni 14.3. Kwa hiyo waliojiandikisha na wasitokee ni karibu milioni 7.8. Ruto alishinda kwa kura 7,176,141. Waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi, na tofauti kati yake na Raila, Mungu amrehemu, ilikuwa kura 233,211 tu. Na hapo hatujawahesabu kina Mjukuu ambao hawakuwa daftarini kabisa.

Uingereza nao si wa kutucheka. Julai 2024 chama cha Labour walipata thuluthi moja ya kura, asilimia 33.7, wakachukua viti zaidi ya 400 kati ya 650, na Waingereza wanne kati ya kumi waliojiandikisha hawakupiga.

Linalonitisha mimi siku hizi ni jingine. Romania, Novemba 2024, mgombea ambaye karibu hakuna aliyemtarajia, Călin Georgescu, aliongoza duru ya kwanza baada ya kuenea sana TikTok. Kura zikahesabiwa upya, hesabu ni sahihi. Tarehe 6 Disemba Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi wote, siku mbili kabla ya duru ya pili, kwa taarifa za kijasusi kuhusu kampeni ya mtandaoni. Sasa hapo fomu ya mlangoni inasaidiaje? Karatasi inasema ukweli, lakini kilichoingia vichwani kabla ya watu kufika kituoni hakuna anayekibandika ukutani. Na mahakama ikifuta kura kwa sababu hiyo, kesho nani hatafutiwa? Nimekaa na swali hili tangu wakati ule na sijapata jibu la kuniridhisha upande wowote. Kenya tuna historia nalo, Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kushawishi wapiga kura kwa data zao, walikuwa hapa 2013 na 2017, na wakuu wao walinaswa kwenye kamera ya siri 2018 wakijisifia kazi yao kwetu.

Mzee Kifimbo

Mimi TikTok hunitumia wajukuu, naona watu wanacheza ngoma. Sikujua inachagua marais.

Mjukuu wa Dandora

Nimesoma yote, mara mbili. Kile cha sahihi 500 sikukijua, na nimeudhika kidogo kwamba nimekijua kwenye jamvi saa tano usiku, si shuleni.

Lakini nina pingamizi. Mgombea huru wa sahihi 500 ataliwa na pesa. Kuna sheria ya gharama za kampeni tangu 2013, na 2021 tume ilipoweka viwango, wabunge wakaviangusha. Mgombea wetu atakuja na sera, wa hoteli atakuja na noti za mia mbili na unga wa kilo mbili mbili. Mama yangu mwenyewe 2022 alipokea ule unga. Akaupika, tukala. Sijui alimpigia nani, na ugali haukuwa na ladha ya usaliti, ulikuwa ugali tu.

Bibi Mauzo

Mama yako ana akili. Unga ni wake, ni kodi yake ilikuwa inarudi. Debeni alikuwa peke yake, mwanangu. Si kama kwenye mlolongo wa huyu mzee, ambapo ukila unga wa mtu chifu anakuona umesimama wapi.

Na pesa hazishindi siku zote, nisikilize mimi niliyeshona rangi tatu.

Karani wa Kituo

Na wakati mwingine zinashinda kwa kidogo sana. Uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini, Novemba 27, 2025: serikali nzima ilihamia kule kampeni, upinzani wote ukahamia kule. Tofauti haikufika kura 500.

Abiria wa Nyuma

Mia tano tena. Hii namba inamtafuta mtu Dandora.

Mjukuu wa Dandora

Sijaamua, msianze kupiga makofi. Bado naona picha zilezile mwisho wa foleni.

Ila Jumamosi nitarudi pale, si kwa ajili yangu. Mama anataka kuhamisha kituo, bado yuko kwenye daftari la Machakos na hawezi tena kusafiri na goti lake. Nimeahidi kumshikia nafasi kwenye foleni huku yeye amekaa.

Karani wa Kituo

Abebe kitambulisho chenyewe, si nakala wala picha ya simu. Fikeni mapema, Jumamosi hujaa kuanzia saa nne.

Abiria wa Nyuma

Na wewe Mjukuu beba chako. Foleni ukiishika mpaka mbele halafu umpishe mama, watu wa nyuma watakuuliza ulikuwa unafanya nini hapo.

Mjukuu wa Dandora

Nitawaambia natafuta smoki.